Mikono ya Mkaza Mwana

Mgongo wa Mzee Ogoti haukulia, na jambo hilo lilimuudhi kuliko maumivu yenyewe.

Alikuwa amelala kifudifudi juu ya kitanda chembamba chenye tundu la kuwekea uso, katika kliniki moja pale Nyanchwa, na Daktari Pam Apondi alikuwa akimkanda kwa vidole vya upole mno. Ogoti alikuwa amesikia habari za madaktari hawa wa kunyoosha uti wa mgongo. Jirani yake wa kule Ekerenyo alirudi akisimulia kwamba wake ulilia ka! ka! ka!, na kesho yake akabeba mkungu wa ndizi hadi sokoni bila kupumzika. Ogoti naye alitaka ka! zake. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, na hakuna mwalimu anayependa kutoka dukani bila kupewa alicholipia.

"Daktari," alisema kutoka ndani ya lile tundu, "mbona haulii?"

"Nini haulii, mzee?"

"Mgongo."

Apondi akacheka. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Homa Bay, mnene kiasi, mwenye mikono midogo isiyofanana na kazi yake. "Huu wako haufai kulizwa. Nikiushtua tu, misuli itajifunga. Shida yako si mfupa. Yule daktari wa neva wa Eldoret hakukueleza?"

"Alinieleza. Kwa Kiingereza kingi."

"Na vidonge unameza?"

"Vile vya kifafa?" Ogoti akashusha sauti, ingawa chumbani hamkuwa na mtu mwingine ila mkewe. "Nameza. Lakini mimi sina kifafa. Andika hapo."

"Nimeandika, mzee."

Mkewe, Kwamboka, alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, mkono wake wa kulia umefungwa plasta kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vidole. Aliteleza kwenye mistari ya majani chai wiki iliyopita, siku ya matope. Apondi akamwita, akauchukua ule mkono mzima na kuuweka juu ya shavu la mguu wa mumewe. Chini ya ngozi misuli ilikuwa ikifurukuta yenyewe kama maharagwe yanapoanza kuchemka, na Ogoti hakuwa amejitikisa.

"Miezi saba sasa iko hivyo," alisema Kwamboka.

"Ni ugonjwa wa nadra. Mimi mwenyewe nimeuona mara moja tu, nikiwa mwanafunzi. Neva zinatuma amri hata wakati hakuna kazi, na misuli inatii tu. Haipumziki."

"Kama mwalimu wa zamu anayepiga kengele hata wakati wa likizo."

"Hapo umesema, mama. Sasa, vidonge vinapunguza hiyo kengele. Kazi yangu mimi ni kuhakikisha misuli haifupiki." Apondi akamsaidia mgonjwa wake kugeuka, akampiga begani taratibu. "Lakini kuja hapa mara moja kwa wiki sita hakutoshi. Anataka kunyooshwa nyumbani, asubuhi na jioni. Kwanza taulo la maji moto, halafu unanyoosha polepole, unahesabu mpaka thelathini, unaachilia. Bila hivyo miguu itajikunja. Leo ameingia hapa na fimbo. Siku ya kurudi ataingia kwa miguu yake, au mtamleta mmembeba. Nyumbani nani ana mikono?"

Kwamboka akainua plasta yake. "Mimi nimebaki na mmoja, tena wa kushoto."

"Watoto?"

"Wasichana wameolewa mbali. Brandon yuko Mombasa, bandarini. Anakuja Disemba."

"Na yule dada aliyekaa pale nje na mfuko wenu?"

Kwamboka akamtazama mumewe. "Huyo ni Mokeira," alisema. "Ni mke wa Brandon."

"Basi mwiteni aone ninavyo..."

Kwa miezi saba Ogoti hakuwa ameinuka upesi kutoka kitandani. Siku hiyo aliinuka. Alilivuta shati lake akalivaa ndani nje, akakosea na vifungo.

"Daktari," alisema, "hiyo haiwezekani."

Apondi hakuhitaji kuelezwa, lakini msomaji wa mbali huenda akahitaji. Abagusii wana chinsoni, yaani mipaka ya heshima, na hakuna mpaka mkali kama ule ulio kati ya mwanamume na mke wa mwanawe. Hawashikani mikono hata kanisani. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Wakikutana njiani, mkaza mwana huinamisha macho na kumpisha mzee. Mokeira alikuwa ameishi katika boma lile miaka minne, akimpikia Ogoti, akimfulia, akimwombea, na hajawahi kumgusa hata kidole.

"Hata kwetu mambo hayo yako, mzee," alisema Apondi. "Sikulaumu. Mimi nimekwambia ya mwili tu."

Kisha akatoka nje, akavua viatu, akalala kwenye benchi la wagonjwa, daktari mzima, akamwambia Mokeira ashike mguu wake. "Kisigino kiwe kwenye kiganja. Mkono mwingine hapa juu ya goti. Usivute. Sindikiza. Hakuna mtu anaweza kunikataza kufundisha kwa mguu wangu mwenyewe."

Mlango ulikuwa wazi. Ogoti alijitia kuisoma kalenda ya ukutani.

*

Nyumbani, walikozungumza Ekegusii, Kwamboka ndiye aliyeanza. Alimlaza mumewe kwenye mkeka sebuleni, akauinua mguu kwa mkono wa kushoto, akausukuma kwa tumbo. Mokeira alisimama jikoni, nyuma ya mlango uliofungwa nusu, na kufundisha kutoka huko.

"Mama, goti lisikunjike."

"Halijakunjika."

"Limekunjika. Namsikia tata anavyopumua." Tata, yaani baba, ndivyo alivyomwita mkwewe.

"Wewe unasikia goti?"

"Nasikia, mama."

Ogoti alikuwa akitazama dari, anauma meno. Mguu ulikuwa mzito na mkono wa mkewe mmoja tu, tena wa mwanamke aliyepita miaka sitini. Kwenye hesabu ya tisa ulimponyoka. Siku ya pili ulimponyoka kwenye saba. Siku ya tatu Kwamboka aliketi pale pale mkekani na kulia kwa hasira, na mumewe akambembeleza kwa kumwambia kwamba hata hiyo saba ilimfaa, jambo ambalo wote wawili walijua ni uongo.

Habari zikamfikia Machogu. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa Ogoti, mzee wa miaka sabini na mbili aliyekaa ng'ambo ya kijito, mwembamba, mwenye nguvu za kushangaza na maoni kuhusu kila kitu. Alikuja na gambuti zake akazivua mlangoni.

"Mambo ya miguu yanataka mwanamume," alisema. "Wapi?"

"Polepole, kaka," alisema Ogoti. "Daktari alisema unasindikiza."

"Nimezalisha ng'ombe wangapi katika boma hili?"

"Wengi."

"Basi nyamaza."

Akaushika mguu wa ndugu yake kwa mikono miwili, akakanyaga mkeka, akavuta kama anayemtoa ndama. Kitu kikalia kiunoni: ka!

"Umelia!" Machogu alipaza sauti, uso umemng'aa. "Umesikia? Umelia!"

Ogoti alikuwa amesikia. Ndiyo ka! aliyokuwa akiitamani siku zote zile, na alipoipata mwili wake mzima ulijifunga kuanzia taya hadi vidole vya miguu. Alibaki vile mguu mmoja hewani, jasho linamtiririka, hawezi hata kusema aachwe. Iliwachukua taulo kumi na moja za maji moto, zikipitishwa na Mokeira mlangoni na kupokewa na Kwamboka, kabla hajaweza kufumbua kinywa. Alilala siku tatu. Machogu alikwenda zake akisema kwamba dawa kali huanza kwa kuuma, lakini hakurudi kujaribu tena.

Katikati ya wiki ya tatu Ogoti alikuwa akitembea na fimbo mbili. Kwamboka alianza kuulizia, chinichini, mahali panapouzwa kiti cha magurudumu.

*

Siku Kwamboka alipokwenda Nyamira kuangaliwa mkono, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Ogoti aliona kwamba mtu mzima hawezi kusubiri mkewe arudi ndipo aende haja. Akajikongoja na fimbo zake hadi chooni, nyuma ya migomba, akachuchumaa, na mapaja yakajifunga. Hakuweza kuinuka wala kuketi. Akashikilia ukuta wa mabati, akakohoa.

Zamani kikohozi kimoja cha Mwalimu Ogoti kilinyamazisha watoto mia tatu. Sasa akakohoa mara ya pili, na ya tatu.

Mokeira alikuwa jikoni akichambua mboga za chinsaga. Kikohozi cha kwanza alikisikia na akajua ni cha nini. Akasimama na ungo mkononi. Kwenda ni aibu, na kukaa je? Majirani wote walikuwa kwenye mashamba ya chai. Angeweza kuvuka kijito kumwita Machogu, lakini alikumbuka ule mguu hewani na taulo kumi na moja. Akauweka ungo chini.

"Tata," aliita akiwa kwenye migomba. "Umekwama?"

Mzee akajibu: "Niitie mama yako."

"Hajarudi."

"Niitie Machogu."

"Huyo atakuvuta tena."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. "Basi nitakaa tu," alisema Ogoti.

"Utakaa mpaka lini, tata?"

"Mpaka iishe."

"Haiishi hivyo. Daktari alisema ukikaa hivyo ndiyo inazidi." Mokeira akafungua leso aliyojifunga kiunoni, akaitupa juu ya mlango. "Jifunge hiyo. Ukimaliza sema."

Alisubiri. Alisikia fimbo ikianguka, na mzee akinung'unika, na mabati yakigongwa na kiwiko. Mwisho akasikia, kwa sauti ndogo sana: "Haya."

Mokeira akaufungua mlango, akageuka, akaingia kinyumenyume. Macho yake yalikuwa kwenye migomba na mgongo wake ulikuwa kwa mzee.

"Nishike mabega, tata. Mimi sikuoni. Nikihesabu tatu tunapanda kidogo tu, halafu tunapumzika, halafu tunapanda tena."

Walipanda mara tano. Mzee aliposimama, vidole vyake vikakataa kufunguka, kwa sababu mkono wenye ugonjwa huu ukishika hauachii upesi. Hakukuwa na la kufanya ila kutembea hivyo hivyo. Wakavuka uwanja kwenye mvua, mkaza mwana mbele na baba mkwe nyuma akiwa amefungwa leso ya maua mekundu, na kuku wakawapisha.

"Mbele kuna dimbwi, tata."

"Lizunguke basi. Wewe ndiye dereva."

Mokeira hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimtoka, na mabega yalipotikisika, mzee aliyekuwa ameyashikilia akatikisika nayo. Mwanzoni Mokeira alifikiri analia. Alikuwa akicheka.

Langoni, chini ya mwavuli mweusi, alisimama Machogu.

*

Jumapili Machogu alikuja amevaa koti. Aliketi sebuleni, akakataa chai.

"Nimeona kwa macho yangu," alimwambia Kwamboka. "Sikuambiwa. Mkaza mwana amevaliwa kama shati. Mzee wa kanisa amefungwa leso ya mke wa mwanawe. Msichana arudi kwao Marani kwanza. Wazee tutakaa tuone hili jambo linasafishwaje."

Mokeira alikuwa tayari amefunga nguo zake kwenye begi. Si kwa ajili ya Machogu. Tangu siku ya mvua Ogoti alikuwa amejifungia chumbani, na uji aliopelekewa ulikuwa ukirudi na utando juu. Kwa siku tatu Mokeira alikuwa akiutazama ule utando na kusema moyoni, Ananichukia. Brandon alikuwa amempigia simu akamwambia aende Mombasa waishi wote, na yeye alikuwa amemjibu, "Na baba yako atasimamishwa na nani?" kisha akakata simu.

"Umemaliza, shemeji?" Kwamboka aliuliza.

"Nimemaliza."

"Sasa mimi nakuuliza. Chinsoni ni kitu gani?"

"Ni heshima. Kila mtu anajua."

"Haya. Ulipomvuta mume wangu mguu mpaka akalala siku tatu, hiyo ilikuwa heshima? Huyu msichana aliingia kinyumenyume, Machogu. Kinyumenyume! Kwenye mvua! Mimi ni mke wake mwaka wa arobaini na moja, na sijawahi kumheshimu mtu hivyo. Ukimpeleka Marani, nani atabaki hapa na mikono? Zimebaki wiki mbili na siku kidogo. Daktari alisema ataingia kwa miguu au amebebwa. Wewe utambeba?"

Machogu alifungua kinywa, lakini mlango wa chumbani ulifunguliwa kwanza. Walisikia fimbo ya kwanza, kisha ya pili, kisha miguu ikiburutwa. Safari ya kutoka mlangoni hadi kwenye kiti ilikuwa hatua sita, na ilichukua muda ambao mtu angeweza kunywa kikombe kizima cha chai. Hakuna aliyethubutu kumshika. Kwamboka aliziba mdomo kwa plasta yake.

Ogoti hakuketi. Alisimama ameshikilia kiti.

"Mokeira yuko jikoni?" aliuliza.

"Niko, tata," sauti ikajibu nyuma ya mlango.

"Uji sikuunywa kwa sababu nilikuwa naona haya. Sikukukasirikia. Nilikuwa nawaza, huyu mtoto alichunga heshima yangu mahali ambapo mimi mwenyewe ilikuwa imenishinda." Taya lilikuwa likimcheza. "Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na minne. Huyu sikumfundisha hata herufi moja. Ndiye aliyeniinua. Kaka, ukimpeleka Marani utupeleke wote wawili, maana hapa nitabaki gogo."

Machogu akaitazama kofia yake. "Na watu watasema nini?"

"Watasema kwamba kaka yangu mkubwa alikuwepo. Kinachofanywa mbele yako si cha kufichwa. Kwamboka, tandika mkeka. Nifunike blanketi mpaka magotini. Taulo la maji moto liwe katikati, mkono wake usiguse ngozi. Sasa hapo kosa liko wapi?"

"Mimi siwezi kuangalia," alisema Machogu.

"Basi angalia ukuta. Utatuhesabia."

Polepole, kama mtu anayesukumwa, Machogu aligeuza kiti chake, akaelekea ukutani palipokuwa na kalenda ya kiwanda cha chai. Mokeira aliingia na beseni linalofuka mvuke. Macho yake yalikuwa mekundu. Akapiga magoti, akakunja taulo juu ya mguu wa baba mkwe wake, akakiweka kisigino kwenye kiganja kama alivyofundishwa kwenye benchi.

"Emo," alianza Machogu, akiuambia ukuta. "Ibere. Isato. Inye."

Mguu ulipanda. Taratibu, bila kuvutwa.

Kwenye kumi na nane hesabu ilisita. "Anaumia?"

"Haumii," alisema Ogoti. "Endelea. Tena unaenda mbio, haya si mashindano."

Machogu akaendelea mpaka thelathini. Walipobadilisha mguu akaanza tena bila kuambiwa. Kabla ya kuondoka aliinywa ile chai ikiwa baridi, na jioni, kabla mtu hajamwita, wakaona mwavuli wake langoni.

*

Alikuja asubuhi na jioni, kila siku isipokuwa Sabato jioni alipokuwa na kikao cha kanisa, na siku hiyo Kwamboka alihesabu yeye. Wapita njia walizoea kusikia mzee akihesabu peke yake ndani ya nyumba ya Ogoti, na waliouliza waliambiwa kwamba mwalimu anafundishwa na kaka yake hesabu, amesahau. Wiki ya tano fimbo moja ilibaki nyuma ya mlango. Misuli bado ilifurukuta chini ya ngozi, na kuna asubuhi za baridi ambazo kijiko kiliganda mkononi mwa Ogoti mpaka Kwamboka akamfungua vidole kimoja kimoja. Apondi alikuwa amewaambia mapema kwamba hilo halitaisha. Lakini goti lilinyooka.

Siku ya kurudi Nyanchwa walikwenda watatu. Kwamboka alikuwa ametolewa plasta, na mkono ulikuwa umepauka na kukonda, akauficha ndani ya sweta. Msichana wa mapokezi akaita jina. Ogoti akashika kingo za kiti, akajiinua kwa vipande, akasubiri miguu ikubali, akaanza kutembea. Fimbo alikuwa ameiacha imeegemea ukuta. Daktari Apondi alichungulia kutoka chumbani kwake, akamwona anakuja, akabaki na kalamu mkononi.

Mokeira alikuwa amesimama karibu na mlango na mfuko wao. Alipomwona mzee anakaribia, aliinamisha macho, akarudi pembeni kumpisha, kama alivyofanya miaka minne.

Ogoti alifika mlangoni, akasimama.

"Pita," alisema.

"Mimi nangoja hapa hapa, tata."

"Pita, mama. Leo daktari anakagua kazi, na kazi ni yako. Mwenye kazi haachwi nje."

Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kuona mkaza mwana akimtangulia baba mkwe mlangoni. Mokeira alimtazama Kwamboka. Kwamboka alikuwa akilia waziwazi na hakumsaidia kwa lolote. Mzee akaunyoosha mkono, akaushika mlango ukabaki wazi, akasimama wima kwa miguu yake miwili, akasubiri mpaka Mokeira alipopita.